Knock Off si ya kubonyeza ovyo: watu wanavoamini na ukweli wenyewe

Usiku wa Jumamosi barazani kwetu Kibokoni hukaa vijana wanne watano na simu zao, hotspoti ni ya mtu mmoja, bando tumechangiana, na kila mtu yuko ndani ya Pokémon Showdown, mchezo wa mtandaoni wa kupiganisha timu za Pokémon, anapigana na mtu asiemjua wa huko dunia ingine. Mimi ndo mkubwa wao, nimeanza gemu hizi tangu Emerald kwenye kompyuta ya saiba, na kuna kitu kimoja kikinichoma roho nikiwatazama. Mtu ana Knock Off kwenye timu, ile muvu (pigo) inayompiga Pokémon wa mwenzako na kumwangushia aitemu, yani kifaa alichokishika kimsaidie vitani, basi ataibonyeza zamu baada ya zamu, hajiulizi anampokonya nani, anampokonya nini, na akishampokonya itakuaje. Na kuna wengine hawaitaki kabisa kwa sababu ya maneno waliyoyaskia kitambo. Wote wawili wanapoteza mechi ambazo zilikuwa zao, kwahivo wacha niyaseme yote kwa mpigo.

"Knock Off ni dhaifu, haiumizi mtu." Haya ni maneno ya rika langu, na siwalaumu maanake zamani ilikuwa kweli. Ilipoingia 2002 na gemu za Ruby na Sapphire nguvu yake ilikuwa 20, yani ni kama kumpapasa mtu, na ikakaa vivo hivo zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2013 zikaja X na Y zikaigeuza: nguvu ikawa 65, na kama anaepigwa ameshika aitemu inayoweza kutoka basi pigo lile linazidishwa mara moja na nusu, inafika 97.5. Crunch, muvu ya aina ya Dark kama Knock Off, ni 80, linganisha mwenyewe. Na mpigaji akiwa nae ni Pokémon wa aina ya Dark, kama Weavile, anaongezewa nusu ingine juu yake, hapo unazungumzia 146 na ushee. Tena mwaka huohuo Pokémon wa aina ya Steel wakaacha kuhimili Dark, Skarmory ambae zamani alikuwa akiipokea kama upepo sasa anaila nzima. Hakuna aina hata moja ambayo Dark haiigusi kabisa. Fighting, Fairy na Dark wenzake wanapunguza maumivu, lakini aitemu inaanguka vilevile.

Ila hapo pana kitu watu hawakitii maanani: hiyo nyongeza ni ya mara ya kwanza tu. Ukishamwangushia aitemu, Knock Off ya pili kwa yuleyule ni 65 tupu. Ndo maana nikiona mtu ameibonyeza mara tatu mfululizo kwa Pokémon mmoja najua hajaangalia, anafikiri bado ana panga kumbe ameshika mwiko.

"Aitemu ikiangushwa imepotea moja kwa moja." La. Mechi ikiisha mwenyewe anarudishiwa. Ndani ya mechi ndo hairudi, na hilo ndo linaifanya iwe tamu, maanake ukimchoma mtu moto anaweza kutibiwa, ukimpunguzia damu anaweza kujiponya, lakini Leftovers ikishaanguka imeanguka, na ile moja ya kumi na sita ya damu aliyokuwa akiipata kila zamu haipati tena mpaka mwisho.

"Kila aitemu inaanguka." Si kila moja. Mega Stone kwa Pokémon wake haitoki, Z-Crystal haitoki, vibao vya Arceus, upanga wa Zacian, barakoa za Ogerpon, na Booster Energy ikiwa kwa hawa wa Paradox, zote hazitoki na ile nyongeza ya nguvu pia huipati. Mwenye kipaji cha Sticky Hold nae habanduliwi, japo kwake nyongeza unaipata. Na alojificha nyuma ya Substitute aitemu yake iko salama, utavunja mwanasesere tu.

Sasa tuje kwenye lenyewe hasa, lile ambalo limenifanya niandike. "Kumpokonya mtu siku zote ni faida." Hii ndo inayoua watu.

Tulikuwa feri ya Likoni mimi na mpwa wangu, tunavuka tukaone nyumba ya dada yake, watu wamebanana mpaka huwezi kuinua mkono, yeye simu ameiweka kifuani, kioo kimepasuka kona moja, anacheza. Mwenzake ana Landorus mwenye Choice Scarf, na ameshapiga Earthquake. Choice Scarf inampa kasi mara moja na nusu lakini inamfunga, muvu aliyoanza nayo ndo hiyohiyo mpaka atoke uwanjani. Mpwa wangu akaingiza Mandibuzz, ndege, Earthquake haimpati hata kidogo. Yani yule mtu amefungwa kwenye muvu ambayo haifanyi kitu, lazima atoke ama apoteze zamu, na Mandibuzz damu imebaki nusu. Hiyo ni zamu ya bure! Jiponye kwa Roost, safisha uwanja kwa Defog, fanya utakalo. Kijana akabonyeza Knock Off. Kaniangalia anatabasamu, "mjomba, nimemtoa Scarf." Nkamwambia umemtoa pingu. Zamu iliyofuata Landorus, ambae hata bila Scarf ana kasi kuliko Mandibuzz, akashusha Stone Edge, na ndege na mawe haviivani, Mandibuzz akaenda. Feri haijafika hata katikati ya maji.

Simaanishi kuwa mwenye Scarf haguswi. Kuna wakati timu yako yote inaweza kuwa na kasi kuliko Landorus asie na Scarf, hapo kumwondolea ni kumtoa kazini kabisa, piga. Lakini uwe umehesabu: nampunguzia kasi na namfungulia mikono, kipi kinaniuma zaidi saa hii? Choice Band na Choice Specs ni hesabu hiyohiyo, unampunguzia makali ila unamrudishia uhuru wa kuchagua.

Na kibaya zaidi nshakiona kwa macho yangu, mtu anatumia Trick, muvu ya kubadilishana aitemu, kumbandika Blissey wa mwenzake Choice Scarf, Blissey amefungwa kwenye Soft-Boiled ya kujiponya tu, hana analoweza, kazi nzuri wallahi, alafu zamu tatu mbele mtu huyohuyo anamwingiza mwenye Knock Off na kumvua Blissey ileile Scarf aliyombandika mwenyewe. Ukishamfunga mtu usimfungue.

Alafu kuna Hawlucha. Huyu kipaji chake ni Unburden, akipoteza aitemu kwa njia yoyote kasi yake inakuwa mara mbili, na kupokonywa na wewe ni njia mojawapo. Isitoshe ni Fighting, kwahivo Knock Off yenyewe haimuumi sana. Na mara nyingi ana Acrobatics, ambayo ni 55 akiwa ameshika kitu na 110 akiwa mikono mitupu. Yani kwa bonyezo moja umempa kasi na umempa nguvu. Sneasler nae akiwa na Unburden mambo ni hayohayo. Ukiona jina hizi kwenye timu ya mwenzako tafuta njia ingine ya kuwapiga.

"Wakati wowote ni sawa tu." Si sawa, saa ndo kila kitu kwa aitemu nyingine. Chukua Gliscor mwenye Poison Heal na Toxic Orb. Anataka ile sumu, ikishamwingia anajiponya moja ya nane kila zamu na hakuna ugonjwa mwingine utakaompata. Toxic Orb inafanya kazi mwisho wa zamu. Kwahivo ukimpata na Knock Off zamu ileile anayoingia, orb inaanguka kabla haijamtia sumu, na Gliscor anabaki popo wa kawaida ambae unaweza kumchoma, kumpooza, lolote. Ukichelewa zamu moja tu, sumu iko mwilini, orb haina kazi tena, unamuondolea takataka mfukoni. Tofauti ya Gliscor hao wawili ni mechi nzima.

Light Clay, inayorefusha kinga kama Reflect, pia hivo, ikishawekwa Reflect ya zamu nane ni nane hata ukimpokonya baadae, ilitakiwa umpate kabla hajaiweka. Focus Sash, inayomwokoa mwenye damu kamili asife kwa pigo moja, haina maana tena kama mwenyewe ashapoteza hata tone la damu. Na Rocky Helmet, kumbuka Knock Off ni muvu ya kugusa, unaumia kwanza moja ya sita ya damu yako, na ukifa hapo kofia inabaki kichwani mwake. Nimeona mtu anaingia na Pokémon wa damu ya mwisho "angalau nimtoe helmet", akafa yeye na helmet ikabaki.

"Thief ni bora kwa sababu unaichukua wewe." Thief inaiba tu kama wewe mwenyewe hukushika kitu, maana yake umeingia vitani mikono mitupu tangu mwanzo ukingojea bahati, na nguvu yake ni 60 bila nyongeza. Kwa mechi za ushindani sioni sababu. Trick iko na kazi yake, nshaieleza kwa Blissey, ila ukikutana na Gholdengo haimgusi kwa sababu kipaji chake kinazuia muvu zote zisizo za kupiga. Knock Off inampata, tena inamuuma sana, yeye ni Ghost.

"Kwenye mechi za wawili wawili haina maana." Mechi zile ni fupi, kweli, na Leftovers ya mtu haikuhusu sana kama mchezo unaisha zamu ya saba. Lakini jaribu kumuangusha Porygon2 mwenye Eviolite alafu urudi uniambie. Eviolite inampa ulinzi mara moja na nusu pande zote mbili, ukiitoa theluthi ya ukuta imeondoka, na mwenzako wa pembeni anaweza kumalizia zamu ileile. Chansey kwenye mechi za mmoja mmoja ni hadithi hiyohiyo, bila Eviolite ni mayai tu.

La mwisho, na hili ndo nalopigania kila siku pale barazani. "Piga aliye mbele yako." Mtu anaangalia Pokémon aliye uwanjani, anaona hana aitemu ya maana ama ashaipoteza, anasema Knock Off haina kazi hapa. Lakini mwenzako nae ana macho, akiona hatari atamtoa yule na kuingiza mwingine, na yule anaeingia ndo anaekula pigo. Swali ni nani atakaeingia na ameshika nini. Kwa nini lina uzito hivo? Kwa sababu ya Stealth Rock. Yale mawe yanamuumiza kila anaeingia kulingana na udhaifu wake kwa Rock, na wale wenye udhaifu mara mbili juu yake, Volcarona, Charizard, Moltres, wanapoteza nusu ya damu kwa kukanyaga uwanja tu. Hii ndo iliwaweka benchi miaka mingi, mpaka 2019 Sword na Shield zikaleta Heavy-Duty Boots, viatu, ukivaa mawe hayakugusi. Sasa hivi kila Volcarona ana viatu. Kwahivo Knock Off kwake si kumpunguzia damu, ni kumvua viatu na kumwacha peku juu ya mawe. Lakini mawe lazima yawepo. Kumvua mtu viatu kwenye zulia hakumfanyi kitu, kwahivo kama timu yako haina wa kuweka Stealth Rock, nusu ya thamani ya Knock Off umeiacha nyumbani.

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, mpwa wangu huyuhuyu wa feri alikuwa anacheza, mimi niko pembeni na kikombe cha kahawa tungu simsemeshi. Mawe ashayaweka mapema na Heatran. Mwenzake ana Dragapult uwanjani, yeye akaingiza Mandibuzz. Dragapult ni Ghost, hawezi kukaa mbele ya Mandibuzz. Kidole chake kikaenda kwenye Roost, kikasimama, akafungua orodha ya timu ya mwenzake akaisoma jina kwa jina, kisha akabonyeza Knock Off. Dragapult akatolewa, akaingia Volcarona. Mawe hayakumgusa, ana viatu. Knock Off ikampata, damu ikashuka zaidi ya theluthi, na maandishi yakaja kuwa Heavy-Duty Boots imeanguka. Mandibuzz angeweza kuungua kwa kumgusa, Flame Body ya Volcarona hufanya hivo, safari hii hakuungua. Akamtoa, akamrudisha Heatran ambae moto kwake ni chakula, na yule mtu akalazimika kumuondoa Volcarona.

Barazani kimya. Zamu kama sita zikapita, wakafa huku wawili kule wawili, mpaka yule mtu hana mwingine wa kuleta ila Volcarona. Akaingia peku. Jiwe likamla nusu, ikabaki damu nyekundu nyembamba kama uzi, na kabla hajapiga bawa mara moja Dragonite akammaliza kwa Extreme Speed. Kijana akaweka simu chini, akaniomba kahawa.