Je, wajua kwa nini kifua cha msaga unga hubana usiku, wakati mashine imezimwa?

Dodoma mtu akikohoa na kupiga chafya kila siku, huambiwa ni vumbi na upepo wa huku. Kwa mwendesha mashine ya kusaga, seremala, au mbeba magunia wa soko la mahindi la Kibaigwa, maneno hayo yanaweza kumchelewesha miaka. Huenda ana pumu inayotokana na kazi.

Mwili wenye mzio (aleji) hujibu vumbi kwa awamu mbili. Ya kwanza huja ndani ya dakika chache: chafya, macho kuwasha, kifua kubana. Ya pili huja saa 4 hadi 12 baadaye, njia za hewa zinapovimba kwa ndani, na wapo wanaopata hiyo ya pili tu. Aliyevuta vumbi mchana anaamka usiku wa manane akihema, kifua kinapiga mluzi, na hakuna nyumbani anayeifikiria mashine.

Wengi hubisha: "Mbona nimesaga miaka mitatu bila shida?" Mzio ndivyo ulivyo. Kinga ya mwili huweza kuchukua miezi au miaka kabla ya kuanza kuikataa ngano, au wadudu wadogo sana na ukungu wa nafaka. Ikishaanza, vumbi kidogo tu linatosha. Mara nyingi hutangulia mafua yasiyoisha.

Utajuaje basi kama ni kazi au ni upepo? Upepo wa Dodoma hauna likizo. Ukipata nafuu siku za mapumziko, kisha kifua kikarudi kubana ukirejea kazini, mwambie daktari hivyo hivyo, na umtajie kazi yako hata asipouliza. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kwanza kifua kikuu. Kisha kuna kifaa kidogo cha mkononi cha kupima nguvu ya pumzi: unapuliza mara tatu, unaandika namba iliyo kubwa zaidi, angalau mara nne kwa siku, kwa takriban wiki nne zenye siku za kazi na za mapumziko. Ndiyo maana nakusihi usiache kazi kabla ya kupimwa, isipokuwa hali ni mbaya, kwani tofauti ya siku hizo ndiyo ushahidi.

Salbutamol, dawa ya haraka ya pumu, hufungua kifua kwa muda. Dawa ya kuvuta kila siku hupunguza uvimbe. Lakini hakuna dawa inayofidia kuendelea kuvuta vumbi lile lile, na kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembe ndogo. Anayeondolewa mapema kwenye vumbi ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Aliyechelewa anaweza kubaki na pumu hata akihama.

Mwajiri azibe mifuko inayovujisha unga na aache kupuliza vumbi kwa kompresa. Na aliyeajiriwa ajue kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hushughulikia pia magonjwa yatokanayo na kazi. Michango yake hulipwa na mwajiri, haikatwi kwenye mshahara.