Kabla hujala schnitzel, sikiliza jikoni kwanza

Mimi ni mpishi, naishi Austria, na wageni wangu wote wakija wanataka tukale schnitzel, ile nyama nyembamba ya kukaangwa yenye ganda la chenga za mkate, Vienna mjini kati. Mi nawapandisha treni tunaenda zetu Krems, mji mdogo kando ya mto Danube, mwendo wa kama saa moja hivi, tunaingia Gasthaus, yaani mgahawa wa kawaida tu wa wenyeji, meza za mbao, wazee wanakunywa mvinyo wa mashamba ya hapohapo. Tukishaagiza nawaambia nyamazeni kidogo. Ukisikia tu-tu-tu kutoka jikoni ujue nyama yako ndo inagongwa sasa hivi, haijatoka friza.

Inagongwa mpaka ibaki nyembamba, milimita 4 hadi 6, inatiwa chumvi, inapitishwa kwenye unga wa ngano, halafu yai, halafu chenga za mkate mkavu. Hapo kwenye chenga ndo wengi wanaharibu, wanazikandamiza kwa kiganja ili zishike. Usikandamize! Nyama ikiingia kwenye mafuta ya moto, nyuzi kama 170, maji yaliyomo yanageuka mvuke na ule mvuke unalinyanyua ganda, sasa kama umelibana litanyanyukaje? Mafuta yawe mengi, nyama ielee, na mpishi awe anatikisa kikaango muda wote ili mafuta yapande juu ya ganda. Mara ya mwisho niliyoletewa ilikuwa imepitiliza ukingo wa sahani, ganda lina mawimbi, nikaligusa kwa ncha ya kisu likapasuka, mvuke ukatoka, na chini sahani kavu kabisa. Pembeni saladi ya viazi yenye siki na kipande cha limau, basi. Kuna mgahawa mmoja wa barabarani waliwahi kunimwagia mchuzi wa uyoga juu yake, ganda likalowa lote, niliumia sana.

Sasa kwa sisi tusiokula kitimoto, someni menyu vizuri. Kwa taratibu za Austria, ikiandikwa Wiener Schnitzel peke yake lazima iwe nyama ya ndama. Ya nguruwe itaandikwa "vom Schwein" au "Wiener Art", na huku miji midogo ndo imejaa kwa sababu ni bei rahisi. Lakini usiishie kwenye nyama, uliza na mafuta, maana wengine wanakaangia samli na wengine mafuta ya nguruwe, wenyewe wanayaita Schweineschmalz, na hata ya ndama au ya kuku inaweza kupita humohumo. Wifi yangu alipokuja kutoka Tanga tulimuuliza mama mwenye mgahawa, akaingia jikoni, akarudi akatuambia wazi, "leo kikaango ni kimoja." Tukamshukuru, wifi akaagiza samaki wa kuchoma, na safari iliyofuata nikapiga simu asubuhi kabla ya kukata tiketi.