Kompyuta ilisema ukuta utahimili

Dhana: Programu ikiaminika, jibu lake nalo linaaminika.

Ukweli: Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger nchini Norwei, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilikuwa kikizamishwa polepole kwa majaribio. Kilipofika kina cha mita 65 hivi, ukuta ulipasuka, maji yakaingia kwa kasi iliyozishinda pampu, na kitako kizima kikazama. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700. Programu iliyotumika kukokotoa nguvu za kuta, NASTRAN, ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye modeli, yaani mfano wa kitako ndani ya kompyuta, unaogawanywa vipande ili ukokotolewe: pale kuta zinapokutana, wasanifu waliigawa katika vipande vikubwa mno, vyenye umbo baya. Mkazo wa kukata, yaani nguvu inayotaka kuukata ukuta kwa kuutelezesha, ukaonekana mdogo kwa asilimia 47, na kuta zikajengwa nyembamba. Linaloniuma ni kwamba uchambuzi makini uliofanywa baada ya ajali ulionyesha ukuta ungevunjika kwenye mita 62. Elimu ya kuligundua kosa ilikuwepo tangu mwanzo.

Dhana: Basi tugawe vipande vidogo zaidi, kazi imekwisha.

Ukweli: Huo ni uhakiki tu, yaani kujua kama hesabu imekokotolewa sawasawa. Uthibitishaji huuliza kama hesabu yenyewe ndiyo inayofanana na kitu kilichojengwa. Paa la ukumbi wa michezo wa Hartford, Marekani, lilisanifiwa kwa kompyuta kwa kudhani kwamba nondo zake zimeshikiliwa imara kuliko zilivyokuwa. Wakati wa ujenzi lilipimwa, likakutwa limenepa karibu mara mbili ya ilivyokadiriwa. Modeli ikaaminiwa, kipimo kikapuuzwa. Januari 18, 1978, theluji ililiangusha, saa chache baada ya maelfu ya watazamaji kuondoka.

Dhana: Modeli ikilingana na jaribio, imethibitishwa.

Ukweli: Kama ulirekebisha modeli kwa data za jaribio hilohilo, umempa mwanafunzi mtihani pamoja na majibu. Tumia vipimo ambavyo modeli haijawahi kuviona.

Dhana: Hesabu ya mkono imepitwa na wakati.

Ukweli: Kitako kipya cha Sleipner kilisanifiwa kwa mbinu za enzi kabla ya kompyuta. Majibu ya kompyuta yalipotoka, usanifu ulikuwa umeshakamilika. Jukwaa lilianza uzalishaji mwaka 1993.