Matembezi ya historia ni nini?

Ni somo la kutembea kwa miguu. Kundi linapita mtaani, linasimama kituo baada ya kituo, na kila kisa kinasimuliwa palepale kilipotokea. Kwa historia ya Wamarekani Weusi, njia maarufu ni ya Beacon Hill, Boston: kilomita mbili na nusu hivi, mlima na mteremko, njia za matofali zinazokwaza.

Nyumba nyingi njiani humo wanaishi watu, hivyo huingii. Unautazama mlango tu. Kazi yote inabaki kwa msimulizi. Chukua namba 66 mtaa wa Phillips, kwa Lewis Hayden, aliyetoroka utumwani Kentucky mwaka 1844. Humo mwaka 1850 alijihifadhi William Craft, wasaka watumwa walipomfuata Boston. Miaka miwili nyuma yeye na mkewe Ellen walitoroka Georgia, Ellen akijifanya bwana mzungu mgonjwa, mkono wa kulia umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Msimulizi mjuzi haanzi na mwaka. Anaanza na kitambaa: kilikuwa cha nini? Anawaacha wakisie kwanza. Ellen hakujua kuandika, na hotelini angetakiwa kusaini daftari la wageni.

Mlangoni hapo wengi huteleza. Inasimuliwa kuwa Hayden aliweka baruti ndani, tayari kuilipua nyumba kuliko kuwatoa wageni wake. Basi sema "inasimuliwa". Safari ya akina Craft, kwa upande wake, waliiandika wenyewe. Ukiyachanganya hayo mawili, atakayegundua atatilia shaka na kitambaa.

Upande wa kazi: watu wasizidi 20, vituo 7 au 8 kwa saa moja na nusu, dakika 5 hadi 7 kila kimoja. Jua likuchome wewe usoni, wao walipe mgongo. Usianze mpaka wa mwisho afike, na usisimulie mkitembea, maana wa nyuma huambulia maneno nusunusu kisha huchomoa simu.

Mnara wa Kikosi cha 54, kikosi cha Massachusetts katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, upe muda zaidi. Askari wake Weusi walipita barabara iliyo mbele ya mnara Mei 28, 1863, wakielekea vitani. Baadaye walikataa mshahara wa dola 10 uliokatwa 3 za sare, wazungu wakilipwa 13. Mnara ulizinduliwa 1897 ukiwa na majina ya maofisa wazungu waliouawa. Ya askari Weusi yaliongezwa 1982. Hapo nyamaza, wayasome wenyewe.