Unyevu nisbi na ladha ya biri ya Kuba

Ukiishi Mombasa, Tanga au Unguja unaijua chumvi ya mezani inayoganda, kisha ikaanza kuchuruzika maji. Hewa ikipita asilimia 75 ya unyevu, chumvi ya kawaida hunywa mvuke mpaka ikayeyuka. Asilimia hiyo ndiyo unyevu nisbi. Haisemi hewani mna maji kiasi gani. Inasema hewa imekaribia vipi kushiba. Kwenye nyuzijoto 20, mita moja ya ujazo hushiba kwa gramu 17 hivi za mvuke. Kwenye nyuzi 30 huhitaji kama gramu 30. Kwa hiyo hewa iliyofungiwa ikiwa na asilimia 70 kwenye nyuzi 20, ikipashwa joto hadi 30, hushuka hadi karibu asilimia 40, na hakuna hata tone lililotoka.

Jani la tumbaku nalo hunywa na kutema mvuke, likiifuata hewa popote inapokwenda. Na biri ya Kuba ni majani matupu, hakuna karatasi: tripa katikati, capote ya kuyashika, na juu capa, jani laini linaloonekana. Moto ukifika kwenye jani lenye maji, hukausha kwanza ndipo uunguze. Hapo ndipo ladha inapoamuliwa.

Biri iliyoloa huvimba ndani, na ukivuta ni kama unanyonya uji mzito kwa mrija. Moto huenda upande mmoja, huzimika, unawasha tena, na kila ukiwasha uchungu unazidi. Wakati mwingine tripa iliyovimba huipasua capa ukiwa bado unavuta. Biri kavu ina balaa lake: huungua mbio, moshi unakuwa wa moto na mkali ulimini, na ile ladha ya kakao, mbao au asali haipo tena, kwa sababu mafuta yenye harufu yameshapotea. Ukiirudishia unyevu polepole, kwa majuma, itavutika vizuri. Mafuta hayo hayarudi. Hili huniuma kila nikiona kasha zuri limeachwa kwenye chumba cha kiyoyozi.

Kanuni ya zamani ya kutunza biri ni asilimia 65 hadi 70. Wapenzi wengi wa biri za Kuba siku hizi hukaa kati ya 62 na 65, na mimi niko upande wao: kwenye 70 nyingi huziba. Joto nalo lisivuke nyuzi 20 au 21, maana mbawakavu wa tumbaku hupenda joto, na mabuu yake huacha vitundu kama vya sindano. Jokofu la jikoni si jawabu. Hukausha, na linanuka samaki.

Kasha la kutunzia hutengenezwa kwa mbao za Cedrela odorata, ambao huitwa mwerezi wa Kihispania ingawa ni wa ukoo mmoja na mkangazi. Mbao hizo hunywa unyevu ukizidi na kuutoa ukipungua, kwa hiyo biri haishtuki kila kifuniko kinapofunguliwa. Utulivu huo hufaa hasa biri changa, ambayo bado ina harufu kali ya amonia na huhitaji miezi, hata miaka, kutulia. Ukitaka kujua zimepakiwa lini, geuza kasha ambamo biri za Kuba huuzwa: mwezi na mwaka vimepigwa muhuri chini.

Kipimo cha unyevu usikiamini hivi hivi. Jaza kisoda chumvi, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Kiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ufunge, uuache usiku kucha. Asubuhi kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 71, kinapunguza nne: kasha linaloonyesha 65 kumbe lina 69.