Kwa nini jino lililozibwa hubanduka?

Mgonjwa anakunjua karatasi laini na kunionesha kipande cheupe, kidogo kama punje ya mchele. "Daktari, jino nililoziba limeachia." Nakigeuzageuza kile kipande. Hakijavunjika wala kulika, kimebanduka kizima. Kilichoshindwa si dawa ya kuzibia, ni gundi.

Wengi wanaikumbuka ile taa ya bluu ya kugandisha dawa. Wachache wanajua kwamba kabla ya dawa yenye rangi ya jino kuwekwa, tunapaka gundi, tabaka jembamba kuliko unywele, na kazi yote iliyobaki inaitegemea hiyo.

Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionesha kwamba enameli, lile ganda gumu la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosfori, plastiki huishika vizuri zaidi, kwa kuwa asidi huacha vishimo vidogo mno vya kupenyea. Mpaka leo enameli haitusumbui sana: asilimia 96 hivi ya uzito wake ni madini.

Taabu iko kwenye dentini, sehemu ya ndani. Ile ina maji, ina vijirija vinavyotoa umajimaji, ina nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi na wenzake huko Japani walieleza jinsi gundi inavyopenya kati ya nyuzi hizo na kufumana nazo. Ila zipo nyuzi ambazo gundi haizifikii. Hizo hubaki wazi, na vimeng'enya vilivyomo ndani ya dentini yenyewe huzila kidogokidogo, huku maji yakiivunjavunja gundi. Ndiyo maana gundi iliyoshika kwa nguvu siku ya kwanza maabara huweza kuachia baada ya miaka kadhaa mdomoni.

Kwa hiyo mtihani wa kweli hufanyika kwa wagonjwa, hasa kwenye vishimo vya shingoni mwa jino, karibu na ufizi, vinavyotokea jino likilika bila kuoza. Pale hakuna kuta za kukamata. Gundi ikichoka, kipande kinadondoka. Katika ufuatiliaji wa miaka mingi, gundi za hatua tatu, yaani asidi, kiandalizi na gundi kila kimoja kwa wakati wake, zimedumu vizuri, na vilevile zile za hatua mbili zenye asidi hafifu isiyooshwa kwa maji. Gundi nyingi za mwanzo zilizochanganya kila kitu katika chupa moja ziliachia mapema. Za sasa zimeboreshwa, nyingi kwa molekuli iitwayo MDP, inayoungana na kalisi (kalsiamu) ya jino. Nayo glasi ayonoma, simenti inayojishikiza yenyewe kwenye madini ya jino, hukaa sana pale shingoni, ingawa haing'ai kama dawa nyingine.

Lakini hata chupa bora haishindani na mate. Tone la mate au damu ya ufizi likigusa sehemu iliyoandaliwa, kazi imeharibika kabla taa haijawashwa. Tafadhali, ukiona daktari anakufunga mpira wa kuzuia mate, anabadilisha pamba, anasugua gundi kwa sekunde 20 kisha anapuliza hewa taratibu, usimharakishe. Zile dakika chache ndizo miaka yako.

Kipande kikiachia, usikirudishie kwa supaglu, njoo nacho. Yule mgonjwa wangu alikuwa na ufizi unaovuja damu kila ukiguswa. Hatukuziba siku ile. Tulimsafisha, tukamwelekeza kupiga mswaki pale ukingoni bila kukandamiza, akarudi ufizi ukiwa mkavu.