Goti la bandia lisilokunjika: maneno ya barazani na ukweli wake

Upasuaji wa kubadilisha goti si jambo geni tena Mombasa. Wako waliofanyiwa papa hapa kisiwani, wako waliokwenda Nairobi, na wako waliochangiwa na ukoo mzima wakafika India. Wengi hupona wakatembea vizuri. Wachache hubaki na goti ambalo lilikunjika kidogo, likanyooka kidogo, kisha likakataa kuendelea. Wiki zinapita, uvimbe unapungua, goti liko pale pale.

Mara nyingi kinacholizuia ni kovu la ndani. Kila penye kisu mwili hutengeneza kovu, na bila hilo kidonda hakifungi. Kwa baadhi ya watu kazi hiyo hupita kiasi: nyuzi za kolajeni, yaani protini inayojenga kovu, hujaa katika nafasi iliyo juu ya pia ya goti na pembeni mwake, na msuli wa mbele ya paja hugandamana na vitu ambavyo ulipaswa kuteleza juu yake. Madaktari huita hali hiyo athrofibrosisi. Jirani zako wataiita majina mengine, na watakuwa na dawa tayari.

"Subiri tu, litafunguka lenyewe"

Kwa upande wa maumivu na uvimbe, maneno haya yana ukweli. Goti lililobadilishwa huweza kubaki na joto na uvimbe kidogo kwa miezi kadhaa, na mtu huendelea kupata nafuu hata mwaka mzima. Lakini mkunjo haufuati kalenda hiyo. Sehemu kubwa ya mkunjo hupatikana katika miezi 3 ya kwanza. Baada ya hapo huongezeka kwa kujikokota.

Kovu changa ni kama ukindu uliorowekwa, unausuka utakavyo. Likikaa miezi, nyuzi zake hushikana na kukaza, na mazoezi yaliyokuwa yakilivuta wiki ya 4 baada ya upasuaji hayalisogezi tena ikitimia miezi 8. Ndiyo maana madaktari wengi hutaka kuona goti limefika karibu digrii 90 ifikapo wiki ya 6, yaani mkunjo wa mtu aliyekaa kitini, muundi ukiwa wima. Lisipofika, daktari huanza kufikiria kulikunja mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi, na njia hiyo hufaa zaidi kabla wiki ya 12 haijapita.

Hapa ndipo adabu zetu za pwani zinapotuponza. Mama mtu mzima anaona haya kumsumbua daktari. Ameambiwa kliniki ni tarehe fulani, basi atangoja tarehe hiyo, na akiulizwa hali atajibu "alhamdulillahi, naendelea". Daktari aliyekaa mbele yake hana njia ya kujua kwamba huyu mama hajaweza kukaa kwenye kiti cha matatu bila kuunyosha mguu njiani. Ikiwa goti halijaongeza mkunjo wowote kwa wiki mbili hivi, au linarudi nyuma, piga simu kliniki. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi isikuzuie.

"Ni uvivu wa mazoezi tu"

Neno hili huwaumiza wagonjwa kuliko mshono. Ni kweli kwamba asiyefanya mazoezi hujiweka hatarini. Lakini wapo wanaofanya kila walichoambiwa na goti bado likakaza, na wapo wavivu wa kupindukia ambao goti lao limekuja lenyewe.

Kinachotabiri zaidi mkunjo wa baadaye ni mkunjo uliokuwepo kabla ya upasuaji. Aliyeingia chumba cha upasuaji na goti lililokwisha kukauka kwa miaka, misuli na kano zake zimefupika tayari. Chuma kipya hakizirefushi. Kisukari huongeza hatari. Vivyo hivyo upasuaji wa awali kwenye goti hilo hilo, kuvuta sigara, na maumivu yasiyotulizwa siku za mwanzo. Wakati mwingine kosa si la mgonjwa wala la mwili wake: kifaa kimekuwa kikubwa kuliko goti, au kimewekwa pembe isiyo sawa. Na wakati mwingine kilicho ndani ni maambukizi, ambayo huligandisha goti sawasawa na kovu. Kabla ya mtu kusutwa na wakwe, hayo yote yachunguzwe.

Kuna pia wanaosema mwili "umekikataa chuma". Vifaa hivi hutengenezwa kwa aloi za kobalti na kromu au titani, pamoja na plastiki ngumu katikati. Mzio wa metali upo, lakini ni nadra kuwa ndio sababu ya goti gumu, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana una uzito gani. Mzio usiwe wa kwanza kushukiwa.

"Jikaze! Mkunjeni kwa nguvu, akilia mwacheni alie"

Kijana mwenye nguvu anaitwa, anaushika mguu wa nyanya yake, anaukunja. Nia ni njema. Matokeo yake ni kwamba tishu iliyochanika ndani huvuja damu, huvimba, na mwili hujibu kwa kutengeneza kovu jingine. Goti la kesho linakunjika kidogo kuliko la jana.

Maumivu ya kuvutika wakati wa zoezi ni ya kawaida, hayakwepeki. Mpaka uko kwenye yale yanayofuata. Ukiamka asubuhi na goti limevimba zaidi, lina moto zaidi, na mkunjo umepungua, basi jana ulizidisha. Punguza, usiache. Mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, kunashinda pambano moja la jioni. Zoezi la kuvuta kisigino kwa mfano halihitaji mashine: kaa kitini kwenye sakafu ya vigae, weka leso iliyokunjwa chini ya unyayo, telezesha mguu nyuma hadi uhisi umevutika, shikilia, rudisha. Baiskeli ya kukaa nayo, kwa mwenye nafasi ya kuipata, ni nzuri sana. Baada ya hapo inua mguu na uweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, hasa upande wa nje wa mshono ambako wengi huwa na ganzi, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu hukatwa goti linapofunguliwa. Ngozi isiyohisi yaweza kuungua kwa baridi bila mwenyewe kujua.

Jambo moja katika jikaze hili lina madhara ya kimya: kukataa dawa za maumivu ili "zisizoeleke". Mtu mwenye maumivu makali hakunji goti, na goti lisilokunjwa hukaza. Dawa uliyoandikiwa huliwa muda fulani kabla ya zoezi ili ifanye kazi wakati unapoihitaji. Lakini usiongezee vidonge vya diklofenaki kutoka duka la mtaani bila kuuliza, hasa ukiwa na presha, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au ukiwa unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.

"Mpeleke kwa mchuaji, kovu litayeyuka"

Mafuta ya nazi, ya mnyonyo, ya ufuta, kila nyumba ina lake. Siyabezi, mikono inayojua kuchua hutuliza, na mtu aliyechoka na hospitali anahitaji kutulizwa. Ila kovu tunalozungumzia liko ndani ya kiungo, chini ya ngozi, mafuta na msuli. Hakuna mafuta yanayofika huko, na kidole hakiliyeyushi.

Kuchua kunakofaa ni kwa ngozi ya mshono wenyewe, baada ya kidonda kufunga kabisa na magamba kuisha, ili ngozi isigandamane na kilicho chini yake. Mfiziotherapia atakuonyesha namna. Kabla ya hapo, mafuta, unga wa mizizi au majani kwenye mshono ni kualika maambukizi, na vijidudu vikishakamata kwenye chuma hujijengea utando ambao dawa za kawaida huupenya kwa shida. Goti zima laweza kulazimika kufunguliwa tena.

Hatari nyingine iko kwenye shavu la mguu. Baada ya upasuaji huu damu huweza kuganda ndani ya mshipa. Shavu likivimba, likiuma na kuwa na joto, hilo halichuliwi wala halikandwi kwa maji moto. Ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kukiwa na kifua kubana au pumzi kukata, ni kwenda sasa hivi. Vivyo hivyo homa, usaha, au wekundu unaoenea kuzunguka mshono. Hayo si mambo ya kovu.

Na keloidi je? Watu wengi huku kwetu huota makovu manene, basi huona mshono umevimba wakahitimisha kwamba ndani ni vivyo hivyo. Keloidi ni ya ngozi. Mshono mnene si kipimo cha ndani, na mshono mwembamba mzuri si hakikisho.

"Mwekee mto chini ya goti apumzike"

Mto chini ya goti unaburudisha kweli, na ndio unaolifundisha goti kubaki limepinda. Weka taulo lililoviringishwa chini ya kifundo cha mguu, kisigino kining'inie, goti lijinyooshe kwa uzito wake. Watu huhesabu mkunjo peke yake wakasahau kunyoosha. Kumbe goti lisilonyooka sawasawa humfanya mtu achechemee, msuli wa paja uchoke, na kiuno kiume.

"Eksrei iko sawa, basi goti liko sawa"

Eksrei huonyesha mfupa na chuma. Kovu halionekani. Picha nzuri inasema kifaa hakijavunjika wala kusogea, na hiyo ni habari muhimu, lakini haijibu swali la mtu ambaye goti limegoma. Ugumu hugunduliwa kwa kupima pembe, kwa mkono wa daktari, na kwa kuondoa sababu nyingine: vipimo vya damu, na pengine kuvuta maji kidogo ya kiungo kutafuta maambukizi. Ukiambiwa "picha ni safi, nenda nyumbani" na goti lako linaishia digrii 70, una haki ya kuuliza swali la pili.

Huko nyumbani pia waweza kuweka kumbukumbu. Mara moja kwa wiki, kaa kwenye kiti kile kile, kunja goti hadi mwisho, mtu akupige picha kwa ubavu kwa simu. Picha za wiki kadhaa zikiwekwa pamoja husema wazi kama kuna safari au hakuna.

"Kukunjwa kwenye nusu kaputi ni kuvunjwa mguu"

Hofu hii naielewa, maana mgonjwa husikia kwamba daktari atalikunja goti hadi mgandamano ukatike, na mara nyingine sauti yake husikika. Lakini mgonjwa amelala au hana hisia, misuli imelegea, na hapachanwi mahali. Mfupa kuvunjika au kano kukatika ni hatari zilizopo, ni chache, na huongezeka kwa wenye mifupa dhaifu na kwa waliochelewa. Jambo ambalo watu hawaambiwi vya kutosha ni kwamba mkunjo uliopatikana pale mezani unaweza kupotea wote wiki hiyo hiyo. Mazoezi huanza siku ile au ya pili yake. Kama unakaa Likoni na fizio iko kisiwani, panga nauli, kivuko na wa kukusindikiza kabla ya tarehe ya kukunjwa, si baada.

Kwa aliyechelewa, zipo njia za kukata kovu kwa kamera kupitia matundu madogo, kulifungua goti, au kubadilisha kifaa. Kila moja husaidia baadhi ya watu, na kila moja ni jeraha jipya ambalo mwili utalijibu kwa kovu. Kabla ya kukubali kifaa kibadilishwe, daktari awe amekueleza sababu ya ugumu. Kufungua goti bila kujua tatizo ni nini mara nyingi huleta faida ndogo.

"Linalia kata-kata, chuma kimelegea"

Mlio mtupu usio na maumivu, chuma kikigusana na plastiki, ni jambo la kawaida. Mlio wenye mshtuko na maumivu wakati unanyoosha mguu kutoka kukaa, hasa goti likikaribia kunyooka, waweza kuwa kinundu cha kovu juu ya pia ya goti kinachonasa na kunasuka. Mwambie daktari, kinundu hicho kinaweza kuondolewa kwa kamera.

"Nisiposujudu, upasuaji umefeli"

Kutembea njia tambarare kunahitaji digrii 65 hadi 70 hivi. Kupanda ngazi, zikiwemo zile za wima za nyumba za Mji wa Kale, ni 80 na zaidi. Kushuka na kuinuka kwenye kiti huhitaji 90 hadi 105. Magoti mengi ya bandia hufika 110 hadi 120. Tahiyatu, sijda ya chini, kuchuchumaa chooni na kukalia mbuzi ya kukunia nazi vinataka mkunjo mkubwa kuliko huo, ambao vifaa vingi havikuahidi tangu mwanzo. Basi mtu aliyefika 115 akalia kwamba hasujudu hana kovu la kutibiwa. Ana goti zuri lenye mpaka, na dini imempa ruhusa ya kuswali kwa kukaa. Kupiga magoti kwenyewe huwasumbua wengi kwa ganzi na uchungu wa mshono. Muulize aliyekupasua kama kwa kifaa chako kunaruhusiwa.

Mazungumzo haya yalipaswa kufanyika kabla ya kisu. Kwa ambaye bado hajafanyiwa, aulize goti lake linakunjika digrii ngapi leo na atarajie nini, aishushe sukari, aache sigara, aanze kuimarisha paja mapema. Na kwa aliyekwisha kufanyiwa, kuna swali moja la kumuuliza daktari kliniki ijayo: goti langu lilikunjika digrii ngapi mezani, kabla hujamaliza kushona? Kama mezani lilifika 120 na leo ni 75, kifaa kiliruhusu mkunjo huo, na kitu kimeingia kati baadaye. Kama hata mezani liliishia 90, mjadala ni mwingine kabisa.